Jimu ya MMA Dar: tazama mkeka kabla ya bango

Ukikuta bango la MMA (mchanganyiko wa sanaa za mapigano) Mikocheni, Sinza au Mbezi Beach, ndani ya mlango huo kunaweza kuwa na moja kati ya vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni jimu ya kunyanyua vyuma iliyotenga kona moja kwa darasa la kupiga padi, ile mito anayoshika kocha, huku muziki ukilia. Cha pili ni klabu ya ngumi iliyoongeza mateke. Cha tatu ni mahali ambapo ngumi, mateke, kuangushana na kupambana chini hufundishwa, kisha vikaunganishwa. Hicho cha tatu peke yake ndicho MMA. Viwili vya mwanzo vinaweza kukujenga mwili vizuri sana, ila usivilipie bei ya cha tatu.

Kazi yote iko kwenye huko kuunganisha. Francis Ngannou wa Kameruni alitokea kwenye ngumi. Januari 2018, akiwania mkanda wa uzito wa juu wa UFC, shirika kubwa la mapambano ya MMA, huko Boston, bingwa wa wakati huo Stipe Miocic alimwangusha na kumlalia raundi baada ya raundi mpaka tano zikaisha, na ngumi zake nzito hazikupata nafasi. Waliporudiana Machi 2021, Miocic alipomvamia miguu, Ngannou aliitupa nyuma, akamlalia kwa uzito wake wote, na raundi ya pili akammaliza kwa ngumi. Ngumi zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni kipande cha katikati, pale mtu anapotoka kwenye kurushiana makonde kwenda kwenye kushikana.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza kocha ni hili: ni siku gani ya wiki ngumi na kuangushana vinafanywa ndani ya raundi moja? Ukijibiwa kwamba Jumatatu ni ngumi, Jumatano ni jiu-jitsu (kukabana na kufungana viungo chini), Ijumaa ni mieleka, na hakuna siku vinapokutana, utaondoka na vipande vitatu visivyoshikana. Mtu wa ngumi peke yake husimama wima na uzito kwenye mguu wa mbele. Teke la paja humkuta hapohapo, na anayemvamia miguu humbeba kirahisi. Mtu wa jiu-jitsu tupu hulala chali kwa raha, kwa sababu kwao hakuna anayempiga. Kwenye MMA pozi hilo humletea viwiko usoni. Mtu wa mieleka tupu huingia miguuni na shingo imenyooka mbele, akapigwa kabali akiwa bado hajamaliza kuangusha. Makosa hayo hurekebishwa tu mbele ya mwalimu anayeona yote kwa pamoja.

Jimu inayojua kazi yake utaiona ikirudia mambo madogo ya aina hii: ngumi mbili, kushuka miguuni, mwenzako anatupa miguu nyuma, unahama pembeni, mnasimama upya. Au mmoja anaanza akiwa amelaliwa chini karibu na ukuta, ana dakika 2 za kusimama, basi. Wavu wa ulingo wa MMA ni mzuri ukiwepo, lakini anayeanza hauhitaji. Ukuta uliofunikwa vizuri kwa povu unatosha kabisa kujifunza kubanwa na kujinasua.

Baada ya hapo, vua viatu upande kwenye mkeka. Weka kisigino kimoja, kandamiza kwa uzito wote. Ukihisi zege, hapo pasikuangushe mtu. Kwa kuangushana, povu gumu la sentimita 4 ndilo linalofaa. Vile vipande vya rangirangi vinavyopachikana, vyenye sentimita 1 au 2, vinatosha kwa mateke na kunyoosha viungo, havitoshi kwa mtu wa kilo 80 anayetua na bega. Tatizo lake jingine ni kutengana: kidole gumba cha mguu kinanasa kwenye ufa, mwili unaendelea mbele, kidole kinabaki. Sehemu nyingine hutandika sponji na kuvuta turubai juu yake. Ni njia rahisi na inafanya kazi, ila kwa masharti mawili. Sponji liwe gumu, kwa sababu laini humeza unyayo, na unyayo ukishikwa wakati kiwiliwili kinageuka, goti ndilo linalolipa. Na turubai liwe limekazwa kama ngozi ya ngoma. Likiwa na mikunjo, mguu unateleza mahali usipotegemea.

Hesabu nafasi pia. Jozi moja inayopambana chini inahitaji angalau mita 2 kwa 2. Ukumbi wa mita 6 kwa 8 una mita za mraba 48, na kwenye karatasi zinaingia jozi 12. Lakini watu hubingirika, kwa hiyo 8 ndiyo idadi ninayoiona salama. Zikizidi, mtu wa jozi ya jirani anakuangukia gotini wakati hujamwona. Kocha makini huwagawa: nusu wanapambana, nusu wanasubiri ukutani, wanabadilishana kila raundi. Nguzo za chuma na kona za ukuta zilizoachwa wazi karibu na mkeka ni sababu tosha ya kuondoka.

Usafi Dar si jambo la pili. Joto na unyevu wetu ni shamba la fangasi, na mkeka wenye jasho la watu ishirini ukiachwa mpaka kesho hueneza choa kwa darasa zima. Uliza mkeka unaoshwa lini na kwa kitu gani. Jibu zuri ni: kila siku, baada ya darasa la mwisho, kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa. Klorini ya dukani ya asilimia 3.5, mililita 150 kwenye lita 5 za maji, inafaa. Iachwe dakika 10 ikiwa majimaji, halafu mkeka ufutwe kwa maji safi na kukaushwa. Wanaoruka hatua ya sabuni wanapoteza dawa yao, maana uchafu huidhoofisha klorini. Isichanganywe kamwe na siki wala dawa nyingine ya chooni, hutoa gesi ya sumu. Tazama miguu ya watu: anayekwenda chooni peku na kurudi mkekani bila mtu kumkemea anakueleza nidhamu ya jimu nzima. Na mwenye choa au kidonda kinachotoa usaha akae nje mpaka atibiwe. Krimu ya clotrimazole hutumika wiki 2 hadi 4; wengi huacha siku ya tano muwasho ukiisha, na choa kinarudi nao mkekani.

Sasa sparingi, yaani kupambana kwa mazoezi, ambako jimu nyingi huharibikia. Muulize kocha mgeni anaanza lini. Akikwambia leo jioni, shukuru uende zako. Miezi 2 au 3 ya mwanzo ni ya mbinu, padi, na mapambano ya chini yenye mipaka, kwa mfano mmoja anajinasua tu na mwingine anazuia tu. Baada ya hapo kunakuwa na sparingi nyepesi, ya kugusa. Sparingi nzito ni ya anayejiandaa kwa pambano, tena kwa siku chache zilizopangwa. Glovu za pambano la MMA ni za wakia 4. Kwa sparingi hutumika za wakia 7 zenye povu nene, na kwa raundi za ngumi peke yake wakia 16. Ukiona watu wanarushiana makonde ya kichwani kwa glovu za wakia 4 siku ya kawaida, hiyo si ujasiri, ni ubongo unaoharibiwa bure. Kofia ya kichwa hupunguza michaniko na michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Aliyezimika au kuyumba akae mwezi mzima bila kupigwa kichwani, na kocha ndiye wa kumzuia, kwa sababu mwenyewe atasema yuko sawa.

Upande wa chini, sheria ya kugonga, ishara ya kukubali kushindwa, iheshimiwe papo hapo. Mwenzako akigonga mara mbili mkekani au mwilini mwako, unaachia sekunde hiyohiyo. Kabali, au roba kama tunavyoiita mtaani, humzimisha mtu kwa sekunde chache damu ikikatwa pande zote mbili za shingo, kwa hiyo hakuna nafasi ya ubishi. Kufuli za kusokota kisigino zisiruhusiwe kwa wanaoanza hata kidogo. Hapo kano za goti huachia kabla maumivu hayajafika, na anayesubiri kuumia ndipo agonge anakuwa ameshachelewa.

Kuhusu mwalimu, usitishwe na picha ukutani. Kwenye jiu-jitsu ya Brazili mikanda ya watu wazima ni mweupe, bluu, zambarau, kahawia na mweusi, na njia nzima kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Anayedai mweusi wa miaka 3 aulizwe kwa upole alikabidhiwa na nani; mwenye mkanda halali hulijibu swali hilo kwa furaha, kwa sababu ni ukoo wake. Mkanda wa bluu au zambarau unatosha kabisa kumfundisha anayeanza, mradi asijifanye zaidi. Mwalimu wa ngumi aliyekulia ulingoni halazimiki kuwa na mkanda wowote, ila awe na mwenzake wa kufundisha chini. Angalia pia kama klabu imesajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Cheti hakikuhakikishii ufundishaji, lakini kinaonyesha kuna uongozi wa kuulizwa mambo yakiharibika. Kama mwalimu mkuu ni mgeni aliyekuja nchini kwa mkataba wa kazi, uliza nani anashika darasa siku akiondoka.

Nenda mara mbili kabla ya kulipa: mara ya kwanza kutazama, ya pili kujaribu. Nenda jioni ya katikati ya wiki, saa kumi na mbili au moja, wakati kumejaa. Shika saa. Kwenye darasa la dakika 60, kupasha mwili kusizidi 15, mbinu zichukue 25 hadi 30, na zinazobaki ziwe za kupambana. Pushapu na kuruka kamba vikila dakika 40, umelipia mazoezi ya viungo.

Kuanzia Desemba hadi Machi, ukumbi wa bati usio na matundu ya hewa ni hatari ya kweli. Feni kubwa ni lazima, na kati ya raundi watu wanywe maji. Jipime uzito kabla na baada. Ukipungua kilo 1, umepoteza kama lita 1 ya jasho, urudishe lita 1.5 polepole pamoja na chumvi kidogo kwenye chakula. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo apozwe kwa maji hapohapo na kupelekwa hospitali. Jimu inayowavalisha watu nailoni ili wapunguze uzito katika hali hii ya hewa, iepuke.

Umbali ni hesabu ya kweli. Ukilipa shilingi 100,000 kwa mwezi na foleni ya Barabara ya Bagamoyo ikakuruhusu kufika mara 4 tu, kila siku moja imekugharimu 25,000 kabla ya nauli. Jimu ya kawaida iliyo karibu na kituo cha mwendokasi, unayoifikia mara 12, itakufikisha mbali kuliko ya kifahari Masaki unayoitembelea Jumamosi. Kikomo changu ni dakika 45 kutoka kazini hadi mkekani.

Kama aina ya tatu haipatikani ndani ya dakika hizo, klabu ya ngumi ya mtaani, Manzese, Mwananyamala au Temeke, pamoja na siku mbili za judo au jiu-jitsu, ni bora kuliko darasa la padi lenye jina la MMA. Klabu hizo za ngumi zina kitu kisichonunulika: wapinzani wengi wa kila uzito, na makocha wanaoona kosa la mguu kutoka upande wa pili wa ukumbi. Udhaifu wao ni sparingi inayopamba moto mapema, na glovu za pamoja zilizoisha povu. Mwambie kocha mapema unataka raundi nyepesi, na uende na za kwako.

Ukinunua glovu Kariakoo, bonyeza kwa dole gumba palipo na vifundo vya vidole. Ukihisi kidole chako upande wa ndani, povu hilo halitamaliza mwezi. Bandeji za mikono ziwe za mita 4.5, jozi mbili, moja ikikauka nyingine inatumika. Kinga ya meno ya kuchemsha itumbukizwe kwenye maji ya moto kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake, kisha ung'ate na kunyonya hewa mpaka ishike meno ya juu. Ikidondoka ukifungua mdomo, rudia.

Kwa wanawake, ulizia chumba cha kubadilishia chenye komeo na kama kuna wanawake wengine wa uzito wako, na mtazame kocha anavyopanga jozi: mwenye kilo 55 anayepambana na wa kilo 90 hajifunzi, anavumilia tu. Wakati wa Ramadhani ratiba nyingi husogea hadi baada ya futari, kwa hiyo ulizia mapema. Lipa mwezi mmoja kwanza hata kama mwaka una punguzo, chukua risiti, na uulize kama mwezi unaohesabiwa ni wa kalenda au wa siku 30 tangu ulipolipa.