GlobalPay ya M-PESA: kadi ninayoagizia vifaa vya cherehani

Kwanza tuelewane: hii si kadi ya kutia kwenye pochi. Ni nambari 16 zilizo ndani ya simu, ambazo Safaricom na Visa walianza kuzitoa mwaka 2022, na ukinunua, pesa inakatwa moja kwa moja kwenye salio la M-PESA. Akaunti ya benki si lazima. Mimi ni fundi cherehani Mombasa, wateja wangu karibu wote wananilipa kwa simu, kwa hiyo hilo peke yake lilitosha kunivuta.

Naitumia hasa AliExpress, soko la mtandaoni la Uchina. Mashine na mota zipo hapa hapa mjini, lakini vile vikorokoro vya kazi maalumu, kama mguu wa kushonea zipu ya kujificha au ule wa kukunja pindo jembamba la shifoni, ukiviulizia dukani unaambiwa "pita wiki ijayo". Basi huwa naagiza mapema, kabla msimu wa harusi haujapamba moto.

Ukifika mahali pa kulipa, tovuti inataka nambari ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za usalama. Hapo ndipo kadi hii inaponifurahisha. Kwenye kadi nyingi za benki tarakimu hizo zimechapwa nyuma, ni zile zile miaka nenda miaka rudi, na anayekupigia picha kadi yako pande zote mbili kaunta ameshamaliza kazi. Za GlobalPay hazipo mpaka uziombe mwenyewe kwenye programu ya M-PESA au kwa *334#, na zikitoka zina nusu saa tu. Tovuti ikidukuliwa mwezi ujao na nambari za wateja zikaanikwa, mwizi atakuwa ameshika ufunguo wa kitasa kilichokwisha kubadilishwa.

Si kinga kamili. Yapo maduka makubwa ya mtandaoni yanayokata pesa bila kuuliza tarakimu hizo. Ndiyo maana pesa ya kodi ya kibanda haikai M-PESA, naihamishia M-Shwari, akaunti ya akiba, siku hiyo hiyo inapoingia. Kadi inakula kilichoko M-PESA, si kilichoko M-Shwari.

Mambo mawili ya kujua kabla. Nusu saa ni fupi kama mtandao unasuasua, kwa hiyo jaza anwani na kila kitu kwanza, tarakimu ziombe mwisho kabisa. La pili, kama kadi yoyote inayolipia dola, kiwango cha kubadilisha pesa hakilingani na kile cha Benki Kuu. Ukipiga hesabu ya bei, ongeza kidogo juu.

Lakini tarakimu za nusu saa hazijui kama muuzaji ni mwaminifu. Hilo ni suala jingine, na watu wengi wanayachanganya. AliExpress wana utaratibu wao: pesa ya muuzaji inashikiliwa mpaka mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika, au muda uliowekwa upite. Kwa hiyo usiwe na haraka na kile kitufe. Mimi nafungua bahasha, naufunga mguu kwenye mashine, napitisha kitambaa chakavu chini yake. Kuna miguu ya shingo fupi na ya shingo ndefu, na kwenye picha yote inafanana. Sindano ikigonga chuma utajua. Ukikaa sawa ndipo nathibitisha, usipokaa nafungua malalamiko nikiambatanisha picha.

Vielelezo vya kukatia nguo nanunua kwa mafundi wa nje, na duka likikubali PayPal, akaunti ya kulipia mtandaoni, naichagua hiyo. Tangu 2018 inaunganishwa na M-PESA, muuzaji haioni nambari ya kadi kabisa, na una siku 180 za kufungua shauri. Akikuambia utume kama unamtumia rafiki au ndugu ili kukwepa makato, achana naye. Malipo ya aina hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi.

Sasa haya maduka ya Instagram ya hapa nyumbani. Huku GlobalPay haikusaidii kitu, kwa sababu utaambiwa "tuma kwa nambari hii". Binti ninayemfundisha kushona alituma pesa ya satini kwa nambari ya mtu binafsi, na jioni ile ile akafungiwa asiuone tena ukurasa. Akakimbilia 456, nambari ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa pesa, lakini njia hiyo imewekwa kwa aliyekosea nambari, tena mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha.

Kwa hiyo nikinunua huko, nauliza kama wana nambari ya Lipa na M-PESA iliyosajiliwa kwa jina la duka. Kwenye programu ya M-PESA, kabla ya kuweka pin, jina linatokea. Lisome, usilipitie tu. Duka linajiita Fulani Fabrics na jina linatoka la mtu asiyehusika, sitii pin. Hata likifanana, bora zaidi ni kulipa kitambaa kikishafika: boda asimame mlangoni, nikifungue, nikipime yadi zangu, nilipe papo hapo. Muuzaji mwenye haki zake anaweza kuomba nauli ya boda kwanza, hilo sina neno nalo. Akitaka pesa yote mbele, namshukuru na naenda zangu kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street.