City Lights ya Chaplin: Utazameni Mlango wa Gari

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kwamba filamu hii bubu ilitoka mwaka 1931, wakati filamu za sauti zilikuwa zimekwisha kuteka soko, na kwamba Charlie Chaplin ndiye mwongozaji, mhusika mkuu na mtunzi wa sehemu kubwa ya muziki, hayo mnayajua. Mimi nataka tuutazame mlango.

Naisimamisha picha hapa. Mzururaji, yaani Chaplin mwenyewe, akimkwepa askari wa pikipiki, anapenya ndani ya gari la kifahari lililo kwenye foleni, anatokea upande wa pili na kuubamiza mlango. Muuza maua, anayeigizwa na Virginia Cherrill, anausikia mshindo huo, anadhani ameteremka tajiri, na anamnyooshea ua. Ua linaanguka, mzururaji analiokota, lakini msichana bado anapapasa chini, na hapo ndipo mwenzetu anapogundua kwamba haoni. Kabla hajapewa chenji yake, bwana mwingine anapanda gari lile na kuondoka, naye msichana anaamini kwamba mteja wake ameondoka akimwachia fedha. Basi mzururaji, ambaye akitamka neno moja tu atajiumbua, ananyata pembeni. Anakaa kumtazama kwa mahaba, na msichana, akisuuza chombo chake, anammwagia maji usoni!

Hebu niirudishe nyuma: mshindo unaozaa mapenzi yote haya sisi hatuusikii, tunauona tu. Onyesho hili linatajwa kuwa lilirudiwa mara 342, na katikati ya kazi Cherrill alifukuzwa, kisha akarudishwa. Nikiutazama ule mlango, sishangai.

Kinachoniudhi ni karamu za tajiri mmoja mlevi anayefanya urafiki na mzururaji, ambazo zinarefushwa mno, ingawa mzururaji anapomeza filimbi na kila kwikwi yake ikawa inaita teksi na mbwa, nakiri nilicheka hadi machozi. Mashabiki wa Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu, mtanikumbusha filamu yake The General ya 1926, pale mpenzi wake anapochochea moto wa garimoshi kwa kijiti, naye Keaton anamkaba shingo na papo hapo kumbusu. Ni kichekesho safi, na wiki ijayo chaneli itakishughulikia. Lakini Keaton anaugusa moyo na kupita, Chaplin anaukalia.

Diski iliyosafishwa upya bei yake ni kali. Mwenye nakala ya zamani asiharakishe kununua. Asiye nayo kabisa, anunue.