Mkate wa Papa na Kima: macho yameshiba, mdomo haukuambulia kitu

Sirudi tena kwa mwokaji huyu. Nasema hivyo huku nikikiri kuwa kwa kufinyanga unga, hapa mjini Unguja sijaona mkono kama wake. Nilimuagiza mkate wa Papa na Kima, ile hadithi ya kima aliyedai moyo wake kauacha juu ya mkuyu, kwa ajili ya watoto wa skuli. Ulikuja papa wa kujaza trei nzima: meno ya lozi, macho ya zabibu, na kima kakaa mgongoni kashikilia pezi kwa mikono miwili. Watoto walipiga kelele.

Kisha nikakata. Mkia umeungua mpaka mchungu, na tumboni kisu kimetoka na unga mbichi unaonata. Nikampigia simu. Jibu lake: "Mama, huo ni mkate wa kupigia picha. Ukitaka wa kula, nenda kanunue boflo." Hakuuliza hata umeharibika wapi.

Basi nimwambie hapa. Mkia ni unene wa kidole na tumbo ni ngumi mbili, vyote vimetiwa moto mmoja kwa muda mmoja. Unga wenye sukari, maziwa na yai hupata rangi haraka, kwa hiyo juu unaonekana umeiva na ndani bado. Tumbo lilazwe bapa, lisizidi sentimita 4 kabla ya kuumuka. Oveni iwe nyuzi 180 za Selsiasi, na baada ya dakika 12 hivi mkia na mapezi yafunikwe foili, moto ushushwe mpaka 165, mkate uendelee nusu saa nyingine. Mwenye kipimajoto achome katikati; chini ya 90 haujaiva, urudishwe.

Matamvua ya papa nayo, pale shingoni anapopumulia, yalikuwa yamezibana. Hayo hukatwa kwa mkasi, sentimita moja kwenda ndani, mkate ukiwa mlangoni mwa oveni. Ukiyakata kabla ya kuumuka, yanajifunga. Na kwa joto letu la kaskazi, kuumuka kwa pili dakika 20 kunatosha. Ukizidisha, papa anavimba sura yote inapotea. Unga wenyewe uwe mgumu: kwa nusu kilo ya unga wa ngano, maziwa mililita 220, yai moja, siagi gramu 50, sukari gramu 40, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja na nusu.

Kima, lakini! Kaiva vizuri, ana iliki ya kutosha, na kakao imempa rangi yake hasa. Kwa ajili yake nilishaamua kumpa mwokaji nyota tatu na kunyamaza.

Mtoto akamuuma, akatoa njiti ya meno mdomoni. Kima kaokwa mbali, kachomekwa kwa njiti, na sikuambiwa neno. Hapo hakuna tena cha kusamehe. Kima hupakwa ute wa yai chini, akabanwa mgongoni kabla ya kuumuka kwa pili, akashika mwenyewe. Au akiokwa mbali, hugandishwa kwa sukari iliyoyeyushwa.

Nyota moja. Na kama mtamuagiza, kwa sababu najua picha zake zitawavuta, muulizeni kwanza kama ndani mna njiti, na mkate mkaukate mbele yake kabla hamjamaliza kulipa.