EOS 300 na yule kijana wa kaunta: uzoefu wangu na kamera ya mkanda

Ukiniuliza kama Canon EOS 300 ni kamera nzuri, nitakwambia ndiyo. Ukiniuliza kama uinunue na wewe unakaa Unguja, ngoja kwanza nimalize hasira zangu.

Uzito na namba zake mtazisoma kwengine. Ni plastiki tupu, nyepesi hata ukiivaa shingoni kutwa unasahau kama unayo. Ilitoka 1999, imekusudiwa sisi watu wa kawaida tunaotaka kubonyeza tu, mashine ijilenge na ijivute mkanda (filamu) yenyewe. Yangu niliipata kwa shangazi yangu wa Maskati, alikuwa anasafisha kabati. Mimi nina jambo moja tu la kusema nalo linaanza na betri.

Hii haili betri za redio. Inataka CR2 mbili, vile vifupi vya lithiamu, na vikifa hivyo basi tena, hakuna mkono wa kuvutia mkanda kama kamera za baba zetu. Zangu zilikufa muda si mrefu baada ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, mkanda umo ndani na haujesha.

Na mkanda wenyewe si wa kuchezea. Nilikuwa Makunduchi Julai ile, na nilibahatika kupata pahali pazuri. Wanaume wanapigana kwa mapande ya migomba, vumbi limepanda, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinawaka. Otofokasi, yaani kule kujilenga yenyewe, ilifanya kazi mpaka nikacheka peke yangu. Unabonyeza nusu, inalia kidogo, imeshika. Mtu anakimbia, gogo la mgomba liko hewani, imeshika.

Mjini ni habari nyengine, lazima niseme. Kamera za aina na umri huu, za kampuni yoyote ile, zinatafuta mpaka baina ya giza na mwanga ndiyo zijue pa kulenga. Zipe ukuta mtupu wa chokaa, au buibui jeusi lililojaza kioo chote, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Dawa yake ni kulenga ukingo wa mlango ulio umbali ule ule, ukishikilia kifungo nusu, ndipo urudi kwa unayemtaka. Na ukiiacha kwenye kile kijimraba cha kijani, pale kamera inapojiamulia kila kitu, mwanga ukipungua flashi inachomoza yenyewe bila kukuuliza. Iliniaibisha kwenye maulidi, masheikh wote wakanigeukia. Haya, hayo madogo.

Nikaenda duka moja la mambo ya picha hapo mjini, silitaji. Kijana yuko kaunta, sikio moja limezibwa na kile kidude cha kusikilizia. Nikamwambia, "Assalaam alaykum, nataka betri mbili za hii." Salamu hakuijibu vizuri. Akainyakua kamera mkononi mwangu, akaigeuza, akacheka. "Bibie, wewe bado unatumia hii? Siku hizi watu wana simu."

Nikanyamaza. Halafu nikamwambia, kwa Kiswahili safi kabisa, mkanda umo ndani, usifungue nyuma. Pahali pa betri si huko. Wallahi maneno hayajanitoka yote, kaa! Mlango wa nyuma wazi, na jua la mchana limepiga pale kaunta. Akauangalia mkanda, akaurudishia mlango taratibu, akaniambia, "Ah, huu ushaungua. Tupa tu."

Hata pole! Pole haina bei, lakini hakuwa nayo. Nikauliza betri, akasema hana na haziletwi tena. Kisha, sikilizeni hili, akataka elfu tano. Ya nini? "Ya kuangalia." Nililipa, ili nitoke mle dukani kabla sijasema neno ambalo mama yangu angelisikia mpaka Michenzani.

Mji huu ndio wa Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua 1930, na Unguja ya zamani mpaka leo tunaiona kwa picha zake. (Siko huko nilikokwenda, nisieleweke vibaya.) Leo mtu anakaa nyuma ya kaunta ya picha na hajui kuwa mkanda hauonyeshwi jua. Angekuwa muuza samaki ningemsamehe.

Siku ile nilikuwa tayari kuandika kwamba kamera hii ni balaa, inategemea betri zisizopatikana na watu wasioijua, kaeni nayo mbali. Ningeandika hivyo na ningekuwa nimeisingizia.

Kuna mzee mmoja Ng'ambo, hapa hapa mjini, mpiga picha wa harusi wa zamani, sote tunamwita Ami. Nilimpelekea kamera kumlilia tu. Akauliza swali moja: "Ulipotia mkanda, ilianza kwa kuuvuta wote?" Nikamwambia ndiyo, na kelele zile nazichukia, inanguruma weee mpaka watu wanageuka, hujapiga hata picha moja. Akatabasamu. "Basi picha zako zipo, mwanangu."

Hivi ndivyo ilivyo. Kamera nyingi zinatoa mkanda kidogo kidogo, picha uliyopiga inabaki nje, upande wa pili. Hii inautoa wote mwanzo, halafu kila picha unayopiga inarudishwa ndani ya kikopo chake. Ndiyo maana namba pale juu inahesabu kurudi nyuma, thalathini na sita, thalathini na tano, nami siku zote nikiiona kichekesho. Kwa hiyo kilichopigwa na jua pale dukani ni ule mkanda mtupu ambao haujatumika. Makunduchi yote ilikuwa imejificha ndani ya kikopo.

Ami akanikataza nisitie betri mpya kabla mkanda haujatoka, maana kamera inaweza kudhani umetiwa mkanda mwengine ikaanza kuuvuta wote nje tena. Akaingia chumba cha giza na kamera, akaurudisha kwa vidole. Hakutaka hata shilingi. Mkanda ukapelekwa Dar kusafishwa, ukakaa huko mpaka nikakata tamaa mara ya pili.

Zimerudi. Zote! Ile ya mwisho tu, iliyokuwa mdomoni mwa kikopo, wekundu umeingia upande mmoja, na kwa bahati ndiyo ya kibanda kinachowaka. Moto juu ya moto. Naipenda kuliko zote, na hilo si la kumshukuru kijana.

Kwa hiyo inunueni, aliyefikiria kuurudisha mkanda hivyo mbona alikuwa na akili. Lakini betri agizeni kwa mtu anayetoka Dar au Dubai, nyingi kwa mpigo, na mkanda wekeni kwenye friji kwa joto letu hili. Hesabuni pia gharama za kusafisha, maana mimi nikizijumlisha nasema bora simu, halafu naitazama ile picha ya mgomba hewani nasema simu ya nini. Na mkiipeleka dukani, isitoke mkononi mwenu.

Picha ya kibanda nimeikuza. Kesho kutwa naipeleka pale kaunta, na elfu tano yangu naitaka.