Suruali za kiume za miaka ya 1940 hadi 1960: ununue ipi kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, pima sehemu moja: kutoka msambani hadi juu ya mkanda, kwa mbele. Suruali nyingi za dukani siku hizi zina inchi 9 au 10. Za miaka ya 1940 zilifika 12, nyingine zikazidi, kwa sababu mwanamume aliivalia kiunoni penyewe, karibu na kitovu, si kwenye nyonga. Watu wananunua marinda, wananunua hata mikanda ya mabegani, halafu wanashangaa mbona hawafanani na picha ya babu iliyoning'inia sebuleni. Kinachokosekana ni hizo inchi 2 au 3. Nimepanga orodha hii kwa kuangalia hilo kwanza, kisha kitambaa, kisha mfuko wako.

Nafasi ya kwanza naipa suruali ya marinda ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, na ushonewe na fundi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kitambaa kilikuwa cha mgao. Mwaka 1942 Uingereza ilipiga marufuku mapindo ya nje kwenye miguu ya suruali, na Marekani nayo ikabana mapindo na marinda. Vita vilipoisha na masharti yakalegezwa, kitambaa kilichonyimwa kikarudi: marinda mawili kila upande, paja pana, mguu wa inchi 20 au zaidi kuzunguka, pindo la chini la inchi moja na nusu. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa sijaona ya kuishinda, maana haigusi paja na hewa inapita.

Fundi usimwambie tu "nataka ya zamani". Atakata kwa kipimo alichozoea. Mpelekee picha iliyopigwa ubavuni, mtajie inchi 12 za mbele, na ununue mita moja na nusu ya kitambaa cha upana mkubwa ili marinda yasiibiwe. Siku ya kujaribu, simama wima mbele ya kioo. Rinda linatakiwa lilale limefumba. Likiachama, nyonga imebana, na hapo usikubali kuambiwa itanyooka ikipigwa pasi. Mkunjo wa pasi nao uanzie kwenye rinda la mbele, ushuke ukipita katikati ya goti.

Kitambaa bora ni sufu nyepesi au kitani. Muuzaji akikuapia kuwa ni sufu tupu, omba uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Ukibaki na kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, na jasho utalijua wewe.

Ya pili ni kadeti. Chimbuko lake ni suruali za kaki za jeshi la Marekani. Askari waliorudi kutoka vitani wakasomeshwa kwa sheria ya mwaka 1944, wakaingia nazo darasani, na wanafunzi wengine wakaiga. Tafuta ya pamba tupu, isiyo na marinda, mguu ulionyooka. Ikivutika ukiishika, irudishe mezani. Kwa mtu wa bajeti ndogo hii ndiyo ya kuanzia, kwa sababu kwenye mitumba zipo tele na haihitaji koti.

Ya tatu, jinzi ya Levi's 501. Ilikuwa ya kazi hadi vijana wa miaka ya 1950 walipoifanya ya matembezi. Kama unawinda ya kale hasa, tazama kile kitambaa chekundu kwenye mfuko wa nyuma: neno likiandikwa lote kwa herufi kubwa, LEVI'S, kwa kawaida ni ya kabla ya 1971. Bei yake inaumiza, na sioni sababu ya kuilipa kama unataka kuvaa tu. Ukinunua mpya ambayo haijawahi kuloweshwa, chukua kubwa kidogo, maana ikifuliwa inarudi.

Ya nne ni suruali ya kijivu ya flana, kile kitambaa laini cha sufu chenye joto. Nzuri sana, lakini ni ya Mbeya, Njombe na Limuru. Pwani utaiacha kabatini.

Ya mwisho ni ile nyembamba ya miaka ya 1960, mguu wa inchi 14 au 15. Ina historia nzito kwetu Tanzania: Operesheni Vijana ya TANU Youth League iliipiga vita pamoja na sketi fupi, na marufuku ikaanza Januari 1969. Naiheshimu kwa hilo, ila inafaa wembamba tu, na modo za sasa, zile suruali za kubana, zimeshaijaza mitaa.

Ukikuta ya kale kwenye mitumba, igeuze ndani nje kabla ya kutaja bei. Mimi niliwahi kuuziwa "ya 1955" na ndani ina lebo ya maelekezo ya kufua. Nguo za Marekani zilianza kulazimishwa kuwa na lebo hiyo mwaka 1972. Zipu ya chuma ni dalili njema. Kisha shika mshono wa nyuma, unaotoka kiunoni kwenda chini: mafundi wa zamani waliacha hapo akiba ya kitambaa, kidole kizima kila upande, ili mwenye suruali akinenepa isitupwe. Niliyonayo sasa ilinibana. Fundi aliufumua mshono ule, akanitolea inchi 2, na kitambaa kilichokuwa kimejificha kikatokea na rangi yake ya siku ya kwanza, kahawia iliyoiva, katikati ya suruali iliyopauka.