Uzoefu wangu na kanda za kupima sumukuvu katika mahindi, Malindi

Nina ghala dogo na kinu cha kusaga hapa Malindi. Mahindi yangu hutoka Langobaya na Marafa wakati wa mavuno, na miezi mingine huja kutoka bara au kwa wafanyabiashara wanaoyaleta kutoka Tanzania. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu (aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu), wateja wangu wakubwa, hasa shule za bweni, wamekuwa wakidai uthibitisho wa maandishi kabla ya kupokea unga. Ndipo nikanunua kwa wakala mmoja wa Mombasa kanda za kupima aflatoksini, vipande vyembamba kama vya karatasi, pamoja na kisomaji chake, yaani kifaa kinachousoma ukanda na kutoa namba, na haya ninayaandika baada ya kuvitumia kwa misimu kadhaa.

Kabla ya kusifu au kulaumu, sharti nieleze kipimo kinavyofanya kazi, kwa maana asiyejua hili atayasoma majibu kinyume. Mwanzoni mwa ukanda kumewekwa kingamwili zilizoshikizwa kwenye chembe za dhahabu za makumi ya nanomita tu, na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huonekana nyekundu. Kingamwili hizo huitambua aflatoksini na kuing'ang'ania. Mbele yake, kwenye mstari wa kipimo, imepakwa aflatoksini iliyofungwa kwenye protini. Sampuli ikiwa safi, kingamwili hufika hapo mikono mitupu, hunasa, na wekundu hujitokeza. Sampuli ikiwa na sumu, huwa zimekwisha kuishika njiani, nazo hupita moja kwa moja kama tuktuk iliyojaa abiria. Kwa hiyo mstari usipoonekana ndiyo hatari. Vipimo vya malaria na vya Korona tulivyovizoea huenda kinyume cha hivyo, kwa sababu kinachotafutwa huko ni protini kubwa inayoweza kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, ilhali molekuli ya aflatoksini ni ndogo mno, haina nafasi ya kushikwa mara mbili.

Mzee mmoja wa Marafa aliniletea mahindi meupe pe, makavu, yasiyo na harufu ya ukungu hata kidogo. Alisimama nami mezani akiukodolea macho ukanda, na uliposalia na mstari mmoja wa juu peke yake, akatabasamu.

"Mstari ni mmoja, mwanangu. Si ndiyo salama hiyo?"

"La, baba. Huo wa juu unasema tu kwamba ukanda wenyewe ni mzima. Wa chini ndio uliotakiwa kuonekana."

Kisomaji kilitoa zaidi ya 20, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani katika gunia la kilo 90 sumu yote haifiki hata miligramu moja. Hakuna jicho wala pua ya kuligundua hilo, na kupika sima hakuiondoi. Waliokufa mashariki na katikati mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mwaka 2004, watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliojulikana, wengi wao walikula mahindi yao ya nyumbani.

Ukanda wenyewe sina ugomvi nao. Kazi iko kwenye sampuli, na hapo ndipo ninapowaona wenzangu wengi wakitupa fedha zao. Sumu haikuenea sawasawa: punje chache zilizoota ukungu zaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena nzima, na ukizikosa utapata jibu safi la mahindi machafu. Kijana wangu huchoma bambo, ule mrija wa chuma wa kutolea nafaka, katika magunia mengi kadiri inavyowezekana, juu, kati na chini, tukajaza ndoo, tukachanganya, tukasaga zote ziwe laini kama unga wa uji, kisha ndipo tunapopima kiasi kidogo cha kutia kwenye chupa ya spiriti. Kuchukua gao moja la mahindi kutoka gunia la mlangoni na kulipima kwa kifaa cha bei ghali ni kujidanganya kwa kitaalamu. Baada ya hapo mambo ni mepesi: unatikisa, unaacha machicha yatuame, unazimua maji ya juu, unadondosha kwenye ukanda na kungoja dakika chache.

Joto la hapa halina urafiki na kanda hizi. Mimi huziweka kwenye friji, kisha huziacha ziishe ubaridi kabla ya kufungua pakiti, kwa kuwa pakiti baridi ikifunguliwa katika fukuto la Machi hushika umande papo hapo. Mstari wa juu usipotokea, ukanda huo ni wa kutupa na majibu yake hayahesabiki.

Sampuli kadhaa nilizigawa na kupeleka nusu maabara. Zilizokuwa safi kabisa na zilizokuwa mbaya kabisa zilikubaliana. Zilizozunguka kwenye 8 hadi 12 zilitofautiana, na kwa hizo sasa hupima mara ya pili kwa sampuli mpya kabla ya kuamua.

Bei ndiyo inayouma. Ukanda mmoja hunigharimu zaidi ya faida ya gunia moja la unga, kwa hiyo haufai kwa anayenunua magunia mawili matatu, ila wenye vinu wakichangia kisomaji kimoja. Na mahindi niliyoyakataa, sijui niseme nini: yule mzee aliyapakia tena kwenye mkokoteni akaondoka nayo, na hapa mjini hakuna mtu wa kumlipa chochote ili yateketezwe.

Lawama yangu kwa wakala ni moja. Kila toleo la kanda huja na kadi yake ya kukirekebisha kisomaji, na kadi ya toleo moja haisomi toleo jingine. Niliwahi kuletewa boksi lisilo na kadi, nikakaa na kanda nzima zisizotumika huku lori likisubiri kushushwa. Anayenunua aifungue boksi papo hapo dukani na kulinganisha namba ya kadi na namba iliyoandikwa kwenye pakiti.