Usingizi na arifa za Windows 11: mapitio ya kompyuta inayotumiwa na nyumba nzima

Kompyuta ninayoizungumzia iko sebuleni, kwenye meza ya kona kando ya televisheni, na hutumiwa na watu wanne: mimi, mke wangu ambaye ni mwalimu, binti yetu wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la tano. Ni ya mezani, tuliinunua ya mtumba, ina kumbukumbu ya muda (RAM) ya gigabaiti 8, na inaendeshwa na Windows 11. Laptopu yangu ya kazi inatumia mfumo huohuo. Kwa miezi saba nimekuwa nikichunguza sehemu moja tu ya mfumo huu, yaani namna unavyolala na namna unavyotuita, kwa sababu katika nyumba yenye umeme wa LUKU, bando la kupimwa na watoto wanaosoma, hiyo ndiyo sehemu inayotugusa kila siku.

Jambo lililonichukua muda kulielewa, na ambalo sikulikuta limeelezwa mahali pa mipangilio, ni kwamba usingizi ni wa mashine ilhali arifa ni za mtu. Ukibadilisha dakika za kulala ukiwa umeingia kwa akaunti yako, umezibadilisha kwa kila atakayekaa kwenye kiti kile baada yako. Lakini ukinyamazisha arifa zako, akaunti ya mwanao itaendelea kulia kama kawaida. Mipangilio hii miwili imewekwa jirani kabisa, yote chini ya sehemu ya Mfumo, na anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani ni ya aina moja. Mtu anayeishi peke yake hatasumbuka na tofauti hiyo. Kwetu ndiyo iliyoongoza karibu kila uamuzi.

Nianze na usingizi. Katika usingizi wa kawaida, kazi zilizo wazi hubaki kwenye kumbukumbu ya muda, mashine hushuka kutoka makumi ya wati hadi wati chache, na ukigusa kibodi inaamka ndani ya sekunde kadhaa. Kasoro yake ni kwamba kumbukumbu hiyo inategemea umeme, hivyo ukikatika, kila ambacho hakikuhifadhiwa kimekwenda. Aina ya pili, ambayo mimi naiita kulala fofofo, huandika kila kilichokuwa wazi kwenye diski, ndani ya faili lenye jina la hiberfil.sys, kisha mashine huzimika kabisa, kiasi kwamba unaweza hata kuchomoa waya kwenye soketi bila kupoteza kitu. Faili hilo kwa kawaida hutengewa nafasi inayolingana na asilimia 40 ya kumbukumbu, ambayo kwa mashine yetu ni kama gigabaiti 3.2 za diski, na mwenye diski ndogo anapaswa kulijua hilo mapema. Aina ya tatu ni mseto wa hizo mbili: mashine inalala kwa usingizi mwepesi, lakini kabla ya kufumba macho inaandika nakala ya kazi zote kwenye diski, ili umeme ukikatika nakala hiyo iwepo.

Usingizi huo wa mseto ndio ninaousifu kuliko kitu kingine chochote katika mapitio haya. Jioni moja binti yangu aliacha insha yake wazi akaja mezani kula, na dakika ishirini baadaye kompyuta ikalala yenyewe kama tulivyoipangia. Tukiwa bado tunakula, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, zaidi ya saa moja baadaye, alibonyeza kitufe cha kuwashia huku amekunja uso, maana alijua hakuwa amehifadhi chochote. Mashine ilichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida, ikaonyesha nembo yake, kisha insha ikatokea ilivyokuwa, aya ya tatu, kishale kikimetameta katikati ya sentensi aliyoiacha. Niseme wazi, hata hivyo, kwamba wokovu huo ulitokea kwa sababu mashine ilikuwa imekwisha kulala. Umeme ukikatika mtu akiwa anaandika, mseto hausaidii kitu. Hapo kinachohitajika ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda, au mazoea ya kuhifadhi kila baada ya aya.

Kwa nini basi siupi usingizi wa Windows 11 alama zote? Kwa sababu hazina hiyo imefichwa. Katika ukurasa mpya wa mipangilio utakuta dakika za kuzima skrini na dakika za kulala. Ili kuukuta mseto inabidi urudi kwenye Paneli Dhibiti ya zamani, uingie kwenye mipangilio ya umeme, ufungue mipangilio ya mpango unaotumika, kisha ya kina, kisha tawi la usingizi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani tayari umewashwa, lakini mwenye kutaka kuhakikisha analazimika kupita njia hiyo yote. Kulala fofofo nako hakuonekani kwenye menyu ya kuzimia mpaka ukatie tiki mahali panapoamuliwa kazi za vitufe vya kuwashia. Kipengele kinachomfaa zaidi mtu ambaye umeme wake hukatika hakikupaswa kumtaka awe fundi ndipo akifikie.

Laptopu yangu ilinifundisha somo jingine. Nilifungua dirisha la amri kwenye mashine zote mbili nikaandika powercfg /a, amri inayoorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza. Ile ya mezani ilitaja S3, ambao ndio usingizi wa kawaida nilioueleza, pamoja na fofofo na mseto. Laptopu ilisema haina S3 kabisa, na badala yake ikataja S0 wa nguvu ndogo, unaoruhusu mtandao kuendelea. Huu ndio usingizi wa kisasa, uliotokana na ule ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012 kwa lengo la kuifanya kompyuta iwe kama simu: kioo kimezimwa, lakini ndani inaendelea kupokea barua pepe na ujumbe. Laptopu ikiwa juu ya meza, usingizi huu ni mzuri, kwani ukifunua kifuniko kila kitu kiko tayari. Kwa laptopu inayotiwa begini, au iliyounganishwa na bando la simu usiku kucha, siushauri, maana mashine iliyo macho nusu inaweza kuendelea kula betri na intaneti, na kupata joto mahali pasipo na hewa. Yangu nimeipangia kwamba nikifunga kifuniko ilale fofofo. Inachelewa kidogo kuamka, nami nimeridhika na hilo.

Kuhusu kuamka bila kuitwa, mfumo una zana nzuri sana ambazo watu wengi hawajawahi kuzisikia. Amri ya powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mashine mara ya mwisho; powercfg /waketimers huonyesha saa za kuamshia zilizotegwa na programu; na powercfg /requests hutaja kinachoizuia kulala kwa wakati huo. Mbili hizi za mwisho huhitaji dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kwetu mwamshaji alikuwa kipanya: meza ikisukumwa kidogo tu na mtoto anayepita, skrini inawaka. Nilifungua orodha ya vifaa, nikaingia kwenye sehemu ya umeme ya kipanya, nikaondoa tiki ya kukiruhusu kuiamsha kompyuta, na kazi hiyo nikaiachia kibodi peke yake. Aliyekuwa akiizuia kulala ni kivinjari, kwa video ya katuni iliyoachwa ikicheza kwenye kichupo ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga. Hilo halina dawa kwenye mipangilio. Nilizungumza na mtoto.

Nije kwenye arifa. Windows 11 ina hali ya kutosumbuliwa, inayofanana na ile ya Usinisumbue kwenye simu, na uzuri wake ni kwamba hakuna arifa inayopotea: zote hukusanywa kwenye kidirisha cha arifa, unachokifungua kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi N. Unaweza kuipangia ratiba, nasi tumeiweka kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja kwenye akaunti yake. Unaweza pia kuiagiza ijiwashe yenyewe unapotumia programu iliyojaa skrini nzima, au unapoakisi skrini kwenye kifaa kingine. Hili la mwisho tunalithamini sana, kwa sababu wageni wakija huwa tunaiunganisha kompyuta na televisheni kuwaonyesha picha za familia, na si vyema ujumbe wa mkopo wa ndugu au matokeo ya hospitali ukachomoza mbele ya ukumbi mzima. Zingatia kwamba sharti hilo ni la kuakisi, yaani skrini zote mbili kuonyesha kitu kilekile. Ukiifanya televisheni kuwa skrini ya nyongeza, washa hali ya kutosumbuliwa kwa mkono.

Jambo la siri za watu linanigusa zaidi ya kelele. Arifa zinaweza kuonekana hata skrini ikiwa imefungwa, kabla ya mtu kuingiza nywila, na kwenye mashine ya sebuleni maana yake ni kwamba ujumbe aliotumiwa mama unasomwa na yeyote anayepita. Kuna swichi ya kuzuia hilo, na ningependa kila familia iitafute siku ileile inapofungua akaunti za watoto. Kila programu nayo ina ukurasa wake, ambapo unachagua kama arifa yake itokee kwa bango, itoe sauti, au ikae kimya kwenye kidirisha tu. Mke wangu ameiacha kalenda ya shule ipite hata wakati wa kutosumbuliwa na mengine yote ameyanyamazisha. Kazi hiyo ilimchukua kama dakika kumi, na hajairudia.

Tulichopata nacho shida ni arifa za tovuti. Mwanangu mdogo aliwahi kubofya kitufe cha kuruhusu kwenye tovuti moja ya michezo, na tangu siku hiyo yakaanza kutokea mabango mekundu kwamba kompyuta ina virusi na tulipe ili isafishwe. Hakukuwa na virusi vyovyote. Mabango hayo yalikuwa arifa za kawaida zilizopitia kwenye kivinjari, na ukitaka kuyazuia kupitia mipangilio ya Windows utanyamazisha kivinjari chote pamoja na barua pepe unazozihitaji. Dawa iko ndani ya kivinjari chenyewe, kwenye ruhusa za tovuti, ambako unaondoa tovuti husika na kuzuia nyingine zisiombe ruhusa hiyo tena. Nimewaonyesha watoto wote wawili orodha hiyo na namna ya kuisoma.

Kuna nyongeza moja inayostahili kutajwa. Mke wangu hupakia video za masomo yake usiku, kwa bando la usiku, na dakika ishirini zetu za kulala zilikuwa zikimkatiza. Kwa kuwa usingizi ni wa mashine, kubadilisha dakika hizo kungetuathiri sote. Sasa anatumia Awake, zana ndogo iliyomo katika mkusanyo wa bure wa PowerToys wa Microsoft tangu mwaka 2021: anabofya ikoni yake karibu na saa ya kompyuta, anachagua muda anaoutaka, skrini inaweza kuzimika huku upakiaji ukiendelea, na muda ukiisha mashine inarudi kwenye utaratibu wake. Haizuii mtu kuilaza mashine kwa mkono, kwa hiyo bado humwachia binti yetu ujumbe kwamba asiiguse.

Kwa matumizi ya nyumbani ninaupa usingizi alama 8 kati ya 10 na arifa alama 7, na pungufu yote inatokana na mambo mazuri kuwekwa mbali na macho. Njia ya kuufikia usingizi wa mseto nimeiandika hatua kwa hatua kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya skrini, ili nikisafiri na mashine ikalazimika kupangwa upya, yeyote atakayebaki nyumbani aweze kuurudisha.